Usugu ni wa Nani? Istilahi za Nano na Maji ya Rusinga

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza jitihada za kutafuta mbadala wa viuavijasumu. Tumeteua kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, kwa kuwa wakazi wake si wageni wa utafiti: kati ya mwaka 2012 na 2015 icipe, yenye kituo Mbita, ilishiriki kufunga mitego ya mbu ya nishati ya jua katika nyumba zao. Aidha, kaya nyingi huchota maji ziwani, na maji yasiyotibiwa huweza kubeba vimelea vya homa ya matumbo na kipindupindu.

Tuanze na neno lenyewe. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mvuvi avutaye kamba za nyavu. Sitiari hii ni nzuri, ila ina hatari. Tusemapo "usugu wa dawa", msikilizaji huweza kudhani kuwa dawa ndiyo sugu, au kwamba mwili wake "umeizoea". Kumbe aliye sugu ni bakteria. Anayeamini kuwa mwili umezoea dawa huenda akajiongezea kipimo au akajinunulia nyingine dukani, na kila matumizi yasiyofaa huwapa bakteria sugu nafasi ya kuenea. Kisiwani, ambako lugha ya nyumbani aghalabu ni Dholuo, Kiswahili cha zahanati hufasiriwa tena kichwani mwa mgonjwa, na utata huzidi njiani. Kwa hiyo twapendekeza "usugu wa bakteria dhidi ya dawa", ingawa ni refu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Bakteria wengi wana urefu wa nanomita elfu moja au zaidi. Chembe ya nano kwa kawaida haizidi 100. Penisilini huzuia ujenzi wa ukuta wa seli, na bakteria mwenye kimeng'enya cha kuivunja huponyoka. Chembe za fedha hushambulia kwa njia kadhaa kwa pamoja: ioni zake huharibu utando wa seli na kushika protini. Lakini fedha ipi? Mwenye chujio akiambiwa lina "chembe za fedha", asilaumiwe akitafuta sarafu. "Madini ya fedha" yatafaa zaidi.

Huko Arusha, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio linalounganisha mchanga na nanoteknolojia, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chujio si dawa ya kumeza. Hata hivyo, asiyeugua hahitaji kiuavijasumu.

Neno "mbadala" nalo lisitumiwe kiholela. Tangu miaka ya 1970 imejulikana kuwa Salmonella iliyopatikana katika wodi ya walioungua huko Boston ilihimili fedha. Isitoshe, chembe za fedha zikimwagika majini huweza kuwadhuru samaki, na ziwa wanalochota maji watu wa Rusinga ndilo wanalovua omena.