Takwimu za Michezo katika Somo la Hisabati

Nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Nyamwage, pale njia ya Utete inapoachana na barabara ya kusini, nilimkuta mwanachuo akifundisha desimali darasa la sita. Alikuwa ameandika ubaoni: Filbert Bayi, mita 1500, Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema kuwa kaka yake amesoma katika simu kwamba ni sekunde 32.16. "Mwalimu, ipi ya kweli?" Mwanachuo akaifuta ya kwanza, akaandika ya pili, akaendelea na somo. Mtoto aliketi, lakini uso wake ulionyesha kuwa hakujibiwa.

Zote mbili ni za kweli. Mtambo wa uwanjani ulipima hadi sehemu ya mia ya sekunde, ila wakati ule rekodi rasmi ya dunia ya mbio hizo ilihesabiwa kwa sehemu za kumi tu. Ukikadiria 32.16 hadi sehemu ya kumi ya karibu, unapata 32.2. Hapo darasa lingeweza kuridhika. Lakini mwalimu mwenye bidii hatakomea hapo. Mwezi Agosti 1979, mjini Zürich, Sebastian Coe wa Uingereza aliivunja rekodi ya Bayi. Mtambo ulionyesha dakika 3 na sekunde 32.03, na rekodi ikaandikwa 32.1. Mtoto aliyefunzwa vizuri atasema kitabu kimekosea, maana kwa kanuni yake jibu ni 32.0. Kitabu hakikukosea. Waamuzi wa riadha hukadiria kwa kupandisha daima, ili mkimbiaji asipewe muda mzuri kuliko alioufikia. Kwa hiyo katika vitabu tofauti ya watu hawa wawili ni sehemu moja ya kumi, na kwa mtambo ni sehemu 13 za mia. Sijui mfano bora kuliko huu wa kumwonyesha mtoto kwamba tarakimu hufuata kanuni ya aliyeiandika.

Tukirudi katika viwanja vyetu, mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hapa tarakimu humchagua mtoto au humwacha. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, kabla ya kuja chuoni, tulikuwa tukichagua timu ya UMITASHUMTA. Wasichana walikimbia mita 100 katika makundi mawili. Kundi la kwanza nililipima mimi, nikiwa kwenye mstari wa kumalizia, nikaanzisha saa niliposikia filimbi. Kundi la pili alipima mwenzangu, naye alianzisha saa alipouona mkono wa mwanzishaji ukishuka. Nafasi ya mwisho aliipata msichana wa kundi langu, kwa kumzidi wa kundi la pili sehemu mbili za kumi za sekunde.

Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde moja. Ili filimbi inifikie umbali wa mita 100 ilihitaji karibu sehemu tatu za kumi, na wakati huo wote watoto walikuwa wanakimbia na saa yangu imelala. Yule aliyeachwa huenda ndiye aliyekuwa na mbio zaidi. Jambo hili nililitambua miaka mingi baadaye, nikitayarisha somo la sayansi. Wala siwezi tena kuyapitia matokeo yale, kwani daftari lilihifadhiwa katika nyumba ya bondeni, nalo lilikwenda na mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024. Nililonalo ni kumbukumbu yangu, nayo ni ya mtu aliyekosea.

Takwimu za kandanda zina matatizo yake. Anayehesabu ushindi wa Simba kwa kutafuta jina hilo tu katika magazeti ya zamani atapoteza miaka mingi, kwa sababu hadi mwaka 1971 klabu hiyo iliitwa Sunderland. Matokeo ya papo kwa papo katika redio na simu nayo hutegemea mtu aliyeko uwanjani. Jina la mfungaji laweza kubadilishwa baada ya mchezo, na pasipo na mtu wa kutuma habari hapana takwimu, hata kama mchezo ulichezwa na mabao yakafungwa.

Katika andalio la somo, mwagize kila mwanafunzi aandike kando ya tarakimu: nani kapima, kwa chombo gani, akiwa wapi. Kisha watoeni nje. Mmoja akimbie mita 100, na wenzake wapime pamoja kwenye mstari wa kumalizia, nusu wakifuata sauti na nusu wakifuata mkono. Msirekebishe chochote mpaka orodha zote mbili ziwe ubaoni. Vidole vya watoto huchelewa kwa namna mbalimbali, basi rudieni mara kadhaa na mtafute wastani wa kila kundi, vinginevyo tofauti ya sauti yaweza kufichika. Na siku ya kuchagua timu yenyewe, mwanzishaji apulize filimbi na kushusha mkono kwa pamoja, na wapima saa wote watazame mkono.