Ndigana Kali: Ndama Anaumwa na Mtaalamu Yuko Mbali

Kwa nini ndama wa Longido au Simanjiro hufa kwa ugonjwa wenye dawa?

Kwa sababu ya kuchelewa. Ndigana kali huambukizwa na kupe. Tezi zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, kisha mapafu hujaa maji, na mwishoni povu hutoka puani. Mfugaji wa pembezoni mwa Arusha akipiga simu asubuhi huenda akahudumiwa siku hiyohiyo. Mwenzake wa boma la ndani hulazimika kwanza kutafuta mtandao, kisha pesa ya pikipiki. Tangu huduma nyingi za mifugo zilipoachiwa sekta binafsi miaka ya 1990, wataalamu hufungua maduka palipo na wateja wengi.

Nimechoma OTC, mbona amekufa?

OTC, yaani oksitetrasaiklini, hutibu ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe. Ndigana kali ikishaonyesha dalili huhitaji buparvakwoni, tena mapema, kabla ndama hajaanza kuhema kwa shida. Mpapase chini ya sikio na mbele ya bega: uvimbe mgumu pamoja na homa huashiria ndigana kali. Ufizi uliopauka au kuwa manjano, kinyesi kikiwa kikavu, huelekeza kwenye ndigana baridi. Ni vigumu kumlaumu mfugaji anayekimbilia OTC. Mara nyingi ndiyo dawa pekee iliyopo gulioni. Dawa yoyote utakayochoma, usinywe wala kuuza maziwa hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Chanjo ipo?

Ipo, na ndama huchanjwa mara moja tu maishani. Msingi wake ni utafiti uliofanyika Muguga, Kenya, na sasa hutengenezwa Lilongwe, Malawi. Wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania wameitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Tatizo ni usafirishaji: hutunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kila mrija una dozi nyingi ambazo zikishayeyushwa hutumika siku ileile. Mwenye ndama watatu hawezi kumwita mtaalamu peke yake. Kusanyeni ndama wa maboma jirani, mpange siku, mgawane nauli.

Halmashauri inahusikaje?

Inahusika sana. Hukusanya ushuru kwenye minada ya mifugo, na ni haki sehemu ya fedha hizo irudi kama mafuta ya pikipiki ya afisa mifugo wa kata. Liulizeni hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lipigiwe mstari kwenye muhtasari.

Aliyechanjwa aendelee kuogeshwa?

Ndiyo. Chanjo hii haikingi ndigana baridi wala magonjwa mengine ya kupe.