Kuyasoma Majira ya Mwaka Kando ya Ziwa



Miongoni mwa maswali yanayoletwa na ndugu wapya, pamoja na wale ambao bado wanaichunguza dini, liko moja lirudilo mara nyingi. Kurani Tukufu yamhimiza mwanadamu mahali pengi atazame kupishana kwa usiku na mchana, mawingu yanavyoendeshwa na pepo, na ardhi iliyokufa jinsi inavyohuishwa kwa maji. Je, kutazama huko ndiko kufanyaje? Kila mwenye macho ameiona mvua, na mchunga ng'ombe ameiona nyingi kuliko mwalimu. Ipo elimu gani zaidi ya hiyo?

Jibu ni kwamba mtu aonaye leo na kusahau kesho hana cha kulinganisha. Hapana budi achague mahali pamoja, aparudie mwaka mzima, na kila arudipo aandike aliyoyaona pamoja na tarehe. Akifanya hivyo atagundua kwamba majira hayaji ovyo, bali yana kipimo, na kipimo hicho mtu maskini kabisa aweza kukishika mkononi mwake. Katika somo hili tutaeleza kwa mfano wa nchi ya Bukundi, wilayani Meatu, katika mkoa wa Simiyu, kwa kuwa huko mabadiliko ya mwaka huonekana waziwazi kuliko sehemu nyingi.

Yeye akaaye Bukundi yu jirani wa maziwa mawili yasiyofanana. Kusini liko ziwa Kitangiri, lenye kina kifupi, linalopokea maji ya mto Wembere. Kutoka Kitangiri hutoka mto Sibiti, nao huyapeleka maji kaskazini-mashariki hadi ziwa Eyasi. Maji ya Kitangiri yana njia ya kutokea. Maji ya Eyasi hayana. Kila kiingiacho Eyasi hutoka kwa njia moja tu, nayo ni kugeuka mvuke juani, na mvuke hauchukui chumvi. Kwa hiyo, mwaka baada ya mwaka, chumvi na magadi hubaki chini, na ndiyo sababu zamani Wasukuma walifanya misafara ya miguu wakati wa kiangazi kwenda Eyasi kuchota chumvi. (Wahubiri wengi wakifika hapa hupenda kutoa mfano wa tajiri mchoyo apokeaye bila kutoa. Mimi sitautoa, maana ziwa la chumvi nalo lina viumbe wake wasioweza kuishi kwingine, kama tutakavyoona.)

Basi tuanze na kipimo chenyewe. Chukua kijiti kilichonyooka, kirefu mita moja juu ya ardhi, ukisimike wima mahali palipo sawasawa, pasipo na kivuli cha mti. Kila baada ya siku kumi pima kivuli chake kinapokuwa kifupi kabisa. Usidhani kwamba wakati huo ni saa sita kamili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa jua la mashariki zaidi, baharini, na Bukundi iko mbali upande wa magharibi. Kwa hiyo huko jua hufika kileleni kwenye saa sita na dakika 40 hivi, likitangulia au kuchelewa kidogo kwa kadiri ya mwezi. Mwenye kuswali adhuhuri kwa kutazama kivuli atalielewa jambo hili upesi kuliko mwenye kutazama saa ya ukutani.

Utaona nini? Karibu na tarehe 21 Juni kivuli cha kijiti chako kitaangukia kusini, na urefu wake utakuwa kama sentimita 52. Kuanzia hapo kitapungua. Karibu na tarehe 3 Oktoba kitatoweka, maana jua litakuwa utosini kabisa. Kisha kitatokea upande wa pili, upande wa kaskazini, kikue mpaka sentimita 35 hivi karibu na tarehe 21 Desemba, kipungue tena, na kitoweke mara ya pili karibu na tarehe 10 Machi. Bukundi iko karibu digrii nne kusini mwa Ikweta, na kwa ajili hiyo jua hupita juu yake mara mbili kwa mwaka. Haya yatatukia mwakani, na mwaka ufuatao, pasipo kukosa hata siku moja.

Sasa linganisha kivuli na mvua. Mahali jua linapopiga wima, ardhi na hewa hupata joto jingi. Hewa hiyo huinuka, na pepo za kaskazini na za kusini huja kukutana hapo zikiwa zimebeba mvuke wa bahari na maziwa. Mvuke ukipanda hupoa, nao hushuka ukiwa mvua. Mkanda huo wa mvua hulifuata jua likienda kusini na likirudi kaskazini, ila huchelewa nyuma yake kwa majuma kadhaa, kama vile joto la mchana lizidivyo saa nane badala ya saa sita. Jua hupita Bukundi mwanzoni mwa Oktoba. Mvua hutazamiwa Novemba. Jua hurudi mwezi wa Machi; mvua nzito huwa Machi na Aprili. Kati yake, Januari na Februari, mkanda umeshuka kusini, na huenda shamba likakaa majuma bila tone. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko mbali kaskazini, upepo mkavu hutoka kusini-mashariki, na mbingu hufungwa kabisa.

Watu wa pwani wana majina mazuri kwa haya yote: kaskazi na kusi kwa pepo, vuli na masika kwa mvua, kipupwe kwa baridi ya katikati ya mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo huihesabu Simiyu katika mikoa ya vuli na masika. Hata hivyo mkulima wa Meatu mara nyingi huona mvua moja ndefu yenye pengo katikati, wala si mvua mbili zilizotengana kama za Tanga. Huko Punjab, nilikosomea, wenyeji tangu kale huhesabu majira sita kwa mwaka! Majina hufuata nchi, na msomaji asijilazimishe kuona kipupwe cha Unguja juani mwa Bukundi.

Huenda mtu akauliza: Mbona Waislamu huhesabu kwa mwezi, na hali majira hayafuati mwezi? Swali hili ni zuri. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, na mwaka wa jua una 365; kwa hiyo Ramadhani hutangulia kila mwaka kwa siku kumi na moja hivi, nayo huzunguka majira yote kwa muda wa miaka 33. Faida yake ni dhahiri: mfungaji wa nchi za kaskazini hapewi milele mchana mrefu wa kiangazi, wala wa kusini hapewi milele mchana mfupi. Lakini mkulima asipande kwa kuhesabu miezi mwandamo. Kurani Tukufu yataja jua na mwezi vyote viwili kuwa ni vya hesabu, na kila kimoja kina kazi yake.

Tukirudi ufukweni, ziwa lenyewe huandika hesabu ile ile kwa herufi kubwa. Nenda Eyasi mwishoni mwa Septemba: utakuta uwanja mweupe wa chumvi, matope yaliyopasukapasuka, na maji yamejikusanya mbali. Katika miaka mikavu ziwa hukaribia kukauka lote, na Wadatoga hulivuka kwa miguu au kwa baiskeli. Nenda tena Aprili: pale pale uliposimama pamekuwa maji. Katika miaka ya mvua za El Niño ziwa hufurika kingo zake, na hata viboko huja kutoka upande wa Serengeti. Simika mambo za miti kwenye ukingo wa maji kila uendapo, nawe utaona umbali uliopita baina ya ziara mbili. Lakini usikanyage matope laini peke yako.

Heroe, ndege wa rangi ya waridi, hula viumbe vidogo vya kijani vinavyostawi katika maji ya magadi. Maji matamu yakizidi, chakula chao hupungua nao huhama. Maji yakipungua na chumvi kuzidi, hurudi kwa maelfu. Perege na kambare hufanya kinyume: hao hutaka maji mengi, na katika miaka ya mafuriko wavuvi hupiga kambi mahali ambapo miaka mingine huchotwa chumvi. Kwa hiyo mtu aandikapo katika daftari lake "leo heroe wengi" ameandika pia habari ya maji, hata kama hakuyapima.

Wako na ndege wengine wanaokuja pamoja na mvua, nao ni mbayuwayu na korongo weupe. Sisi huwaona Novemba, wakiwinda wadudu mashambani, kisha mwezi wa Machi au Aprili hutoweka. Wanakwenda wapi? Wazungu nao walijiuliza kwa karne nyingi swali hilo hilo kwa upande wao, kwa kuwa huko hutoweka wakati wa baridi. Aristotle alidhani kwamba baadhi ya ndege hulala mafichoni, na wapo waliosema mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni mwake, na mkuki huo ulikuwa wa Kiafrika. Ndege yule alikuwa ameruka nao safari yote! Amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Watazamaji wa pande mbili za dunia walikuwa wakimwandika ndege mmoja, kila upande ukiwa na nusu ya habari zake.

Usiku nao una kalenda. Kile kikundi cha nyota kiitwacho Kilimia huchomoza mashariki jua linapotua, katikati ya mwezi wa Novemba. Na mwezi wa Mei hufichwa na mwanga wa jua, kisha huonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Jina lake latokana na kulima. Wazulu na Waxhosa, walio mbali nasi sana, hukiita isiLimela, kwa asili ile ile, na jambo hili laonyesha kwamba wazee wetu walikuwa wakitazama mbingu kwa makini zamani sana, kabla ya shule.

Nao hawakutazama kwa kujifurahisha. Msukuma aliyejua kwamba ukavu utakuja, na utadumu miezi mingapi, alikausha viazi vitamu vikawa michembe na matobolwa. Alitenga sehemu ya malisho, iitwayo ngitili, ikafungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kilipokaza. Desturi hiyo ilidhoofika, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioendeshwa tangu 1986 hadi 2004, uliirudisha katika mkoa ambao Meatu ilikuwa sehemu yake mpaka ulipoundwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012.

Hata hivyo yatupasa kusema ukweli wote. Kivuli hakikosei tarehe, lakini mvua hukosea. Mvua ya kwanza ya Oktoba humhadaa mtu: kumbikumbi huruka, udongo hunukia, mtu humwaga mbegu zake zote, kisha jua huwaka siku ishirini. Kwa hiyo usiandike tu kwamba mvua imenyesha. Chimba, upime unyevu umeshuka kiasi gani, kisha uandike. Na sababu ya mwaka mmoja kutofanana na mwingine iko mbali, katika joto la bahari kuu. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, mvua za vuli zikapita kiasi, na mwezi wa Mei 2020 ziwa Victoria likafikia kimo ambacho halijapata kupimwa kabla ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 2021 mambo yaligeuka, na mifugo ikafa Somalia, Kenya na Simanjiro kwa wakati mmoja. Kwa ajili hiyo mwenye daftari asiache pia kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Yeye huona ufuko mmoja, nao huona bahari.

Ninayasisitiza haya kwa sababu iliyo nzito. Ukame ukizidi, husikika maneno kwamba fulani ameifunga mvua. Katika nchi ya Usukuma wazee, na hasa akina bibi ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Ndugu mpya aliyeingia katika dini, akiamini kwamba mvua imo mikononi mwa Mungu Mmoja, hawezi kuketi kimya penye mazungumzo hayo. Lakini wanaozungumza wana njaa, na mwenye njaa hataki hotuba. Mpelekee daftari. Mwonyeshe kwamba kivuli kilivuka upande siku ile ile ya mwaka jana, kwamba korongo walikuja, kwamba Kilimia kilichomoza. Kisha mwulize: kama bibi huyu wa hapa kijijini ndiye aliyeifunga mvua mwaka 2021, aliwezaje kuifunga siku zile zile Simanjiro na Garissa, ambako hajapata kufika wala hajui njia ya kwenda?