Dondoo muhimu: Mzee anapotibiwa soriasisi kwa mwanga

Taa zinazotumika zaidi hutoa miale ya UVB ya nanomita 311 hivi. Mgonjwa huenda kliniki mara 2 au 3 kwa wiki, na kwa kawaida ngozi hutaka vipindi 20 hadi 30 ndipo isafike. Kwa hiyo nauli na msindikizaji vipangwe mapema.

Siku ya kwanza beba dawa zote za mzee, pakiti zenyewe, si majina ya kukumbuka kichwani. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Vidonge vya presha vyenye haidroklorothiazaidi, au antibayotiki kama doksisaiklini, vinaweza kuifanya ngozi iungue upesi. Akianzishiwa dawa mpya katikati ya tiba, mwuguzi aambiwe kabla taa haijawashwa.

Ndani ya kabati la taa mtu husimama. Magoti yakisumbua, uliza kama kuna kishikio. Miwani ya kinga haivuliwi, na wanaume hufunika sehemu za siri.

Wekundu kidogo kesho yake si ajabu. Akitoka malengelenge, asirudi kwenye taa kabla daktari hajamwona.

Na tafadhali, usimwanike mzee uani saa sita mchana badala ya kliniki: jua hilo halina anayelipima.