JE, MBEBAJI NAYE ANA DHAMBI? Somo juu ya dawa za kulevya na mipaka yetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Amma baad.



Somo hili limetokana na swali. Jioni moja baada ya darasa la fiqhi, kijana wetu mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akasema, "Ustadhi, mtu havuti wala hauzi, anapewa tu begi kutoka kwenye boti alifikishe stesheni. Naye ana dhambi?" Tukamwuliza ndani kuna nini. Hakuambiwa. Tukamwuliza ujira. Akataja fedha ambazo mchukuzi wa mwaloni hazipati kwa wiki nzima. Hapo tukajua kuwa anajiuliza mwenyewe.

Ziwa letu la Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 600 na linagawanywa na nchi 4: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Pale Kibirizi boti za mbao hupakia na kushusha kila siku, na karibu yote ni riziki ya halali: dagaa, mawese, vitenge, sabuni. Msafirishaji wa haramu hutegemea wingi huo huo. Gunia lake la bangi hujificha kati ya magunia ya watu wema, kisha hutafuta barabara, au reli iliyofika Kigoma tangu mwaka 1914.

Heroini, au unga kama mitaani wanavyoiita, huanzia mbali zaidi. Kwa miaka mingi imetoka Afghanistan, ikapakiwa majahazini pwani za Iran na Pakistan, ikateremka hadi pwani ya Afrika Mashariki. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya Mombasa. Desemba 2023 Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Iringa, wanafunzi, haina bahari. Anayedhani mambo haya ni ya watu wa pwani tu, afikiri tena.

Biashara hii hukatwa vipande. Mmoja anapokea, mwingine anavusha, wa tatu anahifadhi, na kila mmoja anamjua mtu mmoja tu mbele yake. Mwenye mali hagusi mzigo. Anayekamatwa ni mwenye begi mkononi. Wengine humezeshwa vidonge vya unga na kupandishwa ndege, na kidonge kikipasuka tumboni mtu hufa. Mwaka 2013 zilisambaa barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa kubeba mizigo ya aina hii, wakiwasihi wenzao nyumbani wasifuate njia hiyo. Hapa kwetu, chini ya sheria ya mwaka 2015, adhabu hufika kifungo cha maisha. Mirungi nayo imo, ingawa Kenya inalimwa kwa ruhusa. Mpaka ukivuka, hukumu hubadilika.

Sasa tulijibu swali. Pombe imeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90, na Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kila chenye kulevya kina hukumu hiyo. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah waliolaaniwa kwa ajili ya pombe ni watu 10, na mbebaji ametajwa waziwazi, pamoja na anayebebewa na anayekula thamani yake. Aliyedanganywa kwelikweli, Mwenyezi Mungu anaijua nia yake. Lakini anayeona ujira haulingani na kazi, akaamua kutouliza, huyo hakudanganywa. Amefumba macho mwenyewe.

Begi lile kijana hakulibeba. Usiku ule tulimsindikiza kwa baba yake mdogo, na asubuhi wakaenda kutoa taarifa. Siku chache baadaye tukasikia kuwa yule mtu anaulizia vijana wengine stesheni. Ndiyo maana somo hili tumelileta kwenye jarida, wazazi nao walisome, badala ya kulimalizia darasani.

Wabillahi tawfiq.