Kabla Hujabadilisha Vilengeo vya Bunduki ya Wenzo

Ukiishi Marekani, kwenye majimbo ambako uwindaji na mashindano ya shabaha ni mambo ya kawaida, huenda umeshanunua bunduki ya wenzo ya mtindo wa kale. Ni ile ambayo, ukishafyatua, unasukuma chini wenzo, yaani kishikio cha chuma kinachozunguka kifyatulio. Ganda linaruka nje, unakirudisha, na risasi mpya inaingia chemba. Umeifurahia, lakini ukilenga huoni vizuri, au risasi zinapiga pembeni kila mara. Tatizo huenda liko kwenye vilengeo, yaani vile vichuma viwili vilivyo juu ya mtutu: kimoja karibu na mdomo, kingine karibu na jicho lako.

Kwa nini niseme “mtindo wa kale”? Kwa sababu bunduki hizi ni nakala za kisasa. Winchester ya mwaka 1873 unayoiona dukani leo huenda imetengenezwa na Uberti, kiwanda cha Gardone Val Trompia, Italia, au na Miroku wa Japani, ambao hutengeneza zile zenye jina lenyewe la Winchester. Kwa sura zinafanana na bunduki ya zamani. Kwa vipimo vya ndani, hasa nyuzi za skrubu na mifereji ya vilengeo, hazifanani. Hapo ndipo pesa za watu wengi hupotea: mtu anaagiza kilengeo kilichoandikwa “cha Winchester 1873”, kinafika, na skrubu haziingii.

Kwa hiyo anza kwa kupima, si kwa kununua. Lakini hata kabla ya kupima, toa risasi zote. Elekeza mdomo mahali salama, sukuma na urudishe wenzo mara kadhaa mpaka pasitoke kitu, kisha tazama ndani na uingize kidole kwenye chemba. Usisahau kipandishio, kile kipande kinachoinua risasi kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Risasi moja inaweza kubaki pale ukidhani umemaliza. Sanduku la risasi liweke chumba kingine kabisa.

Nipime nini? Tazama kilengeo kimeshikwaje. Kwenye bunduki nyingi za namna hii kimeingizwa kwenye mfereji uliochongwa kukingama mtutu, mwembamba juu na mpana chini, kama fundi seremala anavyounga droo. Kipimo kilichozoeleka Marekani ni inchi 3/8, takriban milimita 9.5, lakini bunduki za Italia zinaweza kupishana nacho kidogo kwa upana au kwa kina. Tumia kalipa, ya bei nafuu hupatikana kwa dola 20 hivi. Pima pia urefu wa kilengeo cha mbele kutoka juu ya mtutu hadi ncha yake, uandike. Ukikuta kilengeo cha mbele kimelehemiwa, kama ilivyo kwenye baadhi ya bunduki fupi, usikiguse. Hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki.

Ninunue kipi? Inategemea macho yako kuliko mfuko wako. Kijana anaweza kulenga kwa kilengeo cha nyuma chenye pembe mbili kama za fahali na kuona vizuri. Ukishapita miaka 40 au 45, jicho linashindwa kushika vitu vitatu kwa pamoja: kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha. Cha nyuma kinakuwa ukungu. Dawa yake ni kilengeo cha tundu, ambacho hufungwa kwenye ule ulimi wa chuma nyuma ya nyundo ya bunduki, karibu kabisa na jicho. Unachungulia tunduni, jicho lenyewe linatafuta katikati bila kulazimishwa, nawe unashughulika na kilengeo cha mbele tu. Kampuni za Marble's na Lyman hutengeneza vya aina hiyo; kwa kawaida ni kati ya dola 100 na 200. Tundu dogo linafaa kulenga karatasi mchana. Kwa uwindaji wa alfajiri chukua kubwa. Kilengeo cha mbele chenye shanga ya shaba ya njano ni dola 20 hadi 40, na kwa maoni yangu ndiyo fedha utakayoitumia vizuri kuliko zote, kwa sababu shanga inaonekana hata mwanga ukififia.

Ukiagiza, mtajie muuzaji kiwanda, modeli na aina ya risasi, si jina la “Winchester” peke yake. Na kama unashiriki mashindano ya shabaha yanayotaka mavazi ya zamani, soma kanuni zao kwanza, maana si kila kilengeo kinaruhusiwa.

Nitakifungaje? Shika bunduki kwenye jiliwa lenye pedi za mpira au ngozi, bila kuikaza kupita kiasi. Bandika utepe wa karatasi kuzunguka mfereji ili rangi nyeusi ya mtutu isikwaruzwe. Ikiwa kilengeo cha nyuma kina kipande chenye ngazi chini yake, kiondoe kwanza. Tumia panchi ya shaba au ya nailoni, kamwe si ya chuma kigumu. Kwa kuangalia kutoka kitakoni kuelekea mdomoni, cha zamani hutolewa kwa kugongwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kipya huingizwa kutoka kulia kwenda kushoto. Gonga kidogo kidogo.

Kipya kinapaswa kuingia theluthi moja kwa nguvu ya kidole, kisha kimalizie kwa nyundo. Kikigoma mapema, punguza kwa tupa sehemu ya chini ya kilengeo, mpapaso mmoja au miwili, ujaribu tena. Usipunguze mfereji wa mtutu. Kilengeo kikiharibika umepoteza dola 30. Mtutu ukiharibika umepoteza bunduki. Ukifunga kilengeo cha tundu, kile cha nyuma kilicho juu ya mtutu kitakuzibia. Kiondoe na uzibe mfereji wake kwa kipande maalumu cha dola 10 au 15. Skrubu za ulimini zikaze kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mkato wake, na tone la gundi ya skrubu ile inayoweza kufunguliwa tena. Skrubu ikikataa kuzunguka kwa vidole mizunguko miwili ya kwanza, simama: nyuzi hazilingani.

Sasa nenda uwanja wa shabaha. Anza mita 25, piga tatu, tazama kundi la matundu na si tundu moja, kisha sogea mita 50. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi ziende. Cha mbele, kinyume chake. Kiasi gani? Zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawa kwa umbali wa shabaha. Mathalani, vilengeo vimeachana sentimita 50, shabaha iko mita 50, na unapiga sentimita 10 kulia: unasogeza cha nyuma milimita 1 kushoto. Ndiyo, moja tu.

Risasi zikienda chini, kilengeo cha mbele ni kirefu mno na kinaweza kupunguzwa kwa tupa. Mimi niliwahi kupunguza nyumbani kwa kukisia, nikazidisha, risasi zikapaa, ikanibidi kununua kingine. Punguza ukiwa uwanjani, piga, punguza tena. Ukiona mkono hauna uhakika, mpelekee fundi wa bunduki, ukimwomba bei kwanza.

Vilengeo vya zamani vifunge kwenye bahasha pamoja na skrubu zake, maana siku ukiuza, mnunuzi atavitaka. Na usivitie vipya sandukuni kumpelekea ndugu nyumbani Kenya au Tanzania. Marekani ina sheria za kusafirisha vifaa vya silaha nje. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ndugu huyo aulize huko kwanza, apate jibu la maandishi, ndipo wewe ununue.