Jinsi Vidole Vinavyohisi

Kila mmoja wetu ajua kwamba milango ya fahamu ni mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mtu akipofuka, jirani zake humwona na kumshika mkono. Lakini mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, pengine hata yeye mwenyewe hajui. Basi mwezi huu tujifunze jinsi kidole kinavyohisi, na hatari impatayo mtu ambaye vidole vyake havihisi tena.

1. Walinzi walio katika ngozi

Katika ngozi ya mkono mmoja, kiganja pamoja na vidole, mna vipokezi vya mguso kama 17,000, navyo ni vingi zaidi penye ncha za vidole. Kila kipokezi kimeungana na uzi mwembamba wa mshipa wa fahamu. Wala si vya namna moja. Vingine vi karibu na uso wa ngozi, navyo huhisi mguso mwepesi, na kitu kinapoanza kututeleza. Vingine huhisi ncha na kingo, hata twaweza kutambua kokoto katika mchele bila kutazama. Vingine vi ndani zaidi, navyo huhisi mtikisiko, kama ule wa mpini jembe linapogonga jiwe. Vingine huhisi ngozi ikivutwa. Tena mna nyuzi nyingine ziletazo habari za moto, baridi na maumivu.

Tujaribu. Mwenzako na afumbe macho. Shika njiti mbili za kiberiti, ziachane nusu sentimita, umguse ncha ya kidole; atasema ni mbili. Kisha mguse mgongoni vivyo hivyo. Atasema ni moja. Maana mgongoni walinzi ni wachache.

2. Habari inavyosafiri

Kidole kikigusa kitu, ngozi hubonyea, na utando wa kipokezi huvutwa. Katika utando huo mna vilango vidogo mno. Vikivutwa hufunguka, na chembe za sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, huingia na nguvu yake ya umeme. Hapo mpigo wa umeme huanza kukimbia katika uzi, hupita mkononi mpaka uti wa mgongo, na kutoka huko hufika katika ubongo. Kilango kimoja kikuu cha namna hii, kiitwacho Piezo2, kilitambuliwa mwaka 2010 na Ardem Patapoutian na wenzake huko Marekani. Yeye na David Julius, aliyechunguza hisia ya joto, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Je, ubongo wajuaje kama tumegusa kwa wepesi au kwa nguvu? Mwaka 1926 Edgar Adrian wa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba katika uzi mmoja kila mpigo una ukubwa ule ule. Bali tukibonyeza kwa nguvu, mipigo hufuatana upesi zaidi. Ni kama mpiga ngoma asiyezidisha sauti, bali huharakisha mapigo jambo likiwa kubwa.

Tena habari hazina mwendo mmoja. Habari ya mguso huenda mita 35 hadi 75 kwa sekunde, lakini ya maumivu mazito huenda mita 2 au pungufu. Ndiyo maana mtu akijikwaa hujua kwanza kwamba amegonga jiwe, kisha uchungu hufuata. Na mkono ukigusa chungu cha moto, uti wa mgongo huuamuru uondoke kabla ubongo haujapata habari.

3. Walinzi wakifa

Wengi husema kwamba ukoma hula vidole. Sivyo. Kijidudu cha ukoma, alichokiona Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwei, mwaka 1873, huharibu mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alifundisha kwamba vidole huharibika hasa kwa sababu mgonjwa haoni maumivu. Hushika sufuria ya moto, asijue. Hukatwa na kisu, asijue. Kidonda huoza, naye aendelea kulima. Basi maumivu tunayoyachukia ni mlinzi wetu.

Ukoma wapona. Dawa zake hutolewa bure, nazo humezwa kwa miezi 6 au 12. Lakini mshipa uliokwisha kufa dawa hizo haziufufui. Kwa hiyo kuchelewa ni hasara kubwa. Ukiona baka jeupe au jekundu katika ngozi, mgonjwa na afumbe macho, umguse hapo kwa pamba. Asipohisi, mpeleke kwa mganga wa hospitali bila kukawia, wala asifichwe nyumbani.

Na aliyekwisha kupata ganzi, tumfundishe kutumia macho mahali pa vidole: ashike vyombo vya moto kwa kitambaa kinene, na kila jioni aitazame mikono yake kama ina jeraha. Wenzake wa nyumbani wamsaidie kutazama. Mlinzi mmoja akifa, wengine na wakeshe.